Diski Haijafa, Imehama Nyumba Tu

Mafundi wetu wa kompyuta wana neno moja wanalolitumia kwa wepesi mno, na leo nimekusudia kulizungumzia. Neno lenyewe ni "imekufa". Mtu anaing'oa diski kuu ya kompyuta yake ya zamani, ile ambayo mitaani tunaiita hadidiski. Anaipachika kwenye kompyuta nyingine aliyoinunua, anakaza skrubu, anabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa inawaka, halafu skrini inabaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Anaibeba kwa fundi. Fundi anaiwasha mara mbili, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: "Hii imekufa, mama. Tufomati tu uanze upya."

Mara nyingi sana diski hiyo haijafa. Barua zimo, picha zimo, hesabu zimo. Kilichokosekana ni maelewano kati ya diski na nyumba mpya iliyohamia. Kinachoyaua yaliyomo ni hilo agizo la kufomati, linalotolewa kabla hata mtu hajauliza tatizo ni nini.

Nimeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu safari hii linawagusa wengi kwa mpigo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za maofisini na majumbani mwetu hazina. Kwa hiyo watu wananunua mashine nyingine, aghalabu zilizokwisha kutumika ng'ambo, na zile za zamani wanazing'oa diski wasije wakapoteza kazi za miaka. Wengine hawakuwa na hiari: umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, pawasaplai ikaungua, ikabaki diski peke yake kama yatima.

Hebu basi tufuate kinachotokea tangu mtu abonyeze kitufe mpaka aone picha ya Windows. Wakati ule kompyuta haijui lolote kuhusu Windows. Kitu cha kwanza kuamka ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, na mafundi huiita bayosi. Kazi yake ni kama ya mwalimu wa zamu asubuhi. Anahesabu waliofika: kumbukumbu ipo, kibodi ipo, skrini ipo, diski ipo. Akisharidhika, anatafuta wa kumkabidhi shule. Anaiendea diski na kuuliza: wewe una barua?

Katika kompyuta za mtindo wa zamani barua hiyo hukaa mahali pamoja tu, nayo ni kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512. Humo mna maelekezo mafupi ya kuwashia, jedwali dogo lenye nafasi nne linaloonyesha diski imegawanywa vipi, na mwishoni alama ya baiti mbili inayothibitisha kwamba barua ni halali. Utaratibu huo unaitwa MBR. Ulikuja mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0, na ukatumika miaka mingi mno, kwani ulikuwa rahisi na kila mtu aliuelewa. Kasoro yake kubwa ni kwamba jedwali lile, kwa diski za kawaida, haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti mbili na ushei.

Mashine za siku hizi zina mwalimu wa zamu wa aina nyingine, anayeitwa UEFI. Huyu haisomi barua ya baiti 512. Anatafuta sehemu maalumu ndani ya diski, ndogo, iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na humo anafungua faili kamili la kuwashia. Jedwali la mgawanyo wa diski nalo ni jingine, GPT. Kwa miaka kadhaa watengenezaji waliwavumilia wenye mambo ya kale: ndani ya UEFI waliweka mlango wa pembeni wa kupokea barua za mtindo wa MBR. Lakini mwaka 2017 kampuni ya Intel ilitangaza nia ya kuufunga mlango huo ifikapo 2020, na mashine nyingi za miaka ya karibuni hazinao tena.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Diski ya zamani inakuja na barua yake ya miaka ile. Mwalimu mpya hajui hata pa kuitazama. Anasema hakuna kifaa cha kuwashia. Hajasema diski ni mbovu, hajasema tupu. Amesema tu kwamba hakuona barua ya aina anayoitaka, na fundi mwenye haraka anatafsiri maneno hayo kuwa msiba.

Si nia yangu kuwabeza mafundi. Wapo hodari, na wengi wamejifunza kwa jasho lao bila darasa. Lakini kufomati ni kazi isiyomtaka mtu afikiri, ndiyo maana hupendekezwa kwanza.

Niwape mfano. Msikilizaji mmoja wa Temeke aliniandikia, mama ambaye ni mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wenzake. Kompyuta yake ya mezani iliungua madabodi. Kijana wake akanunua mashine nyingine, akaihamishia diski, ikagoma kuwaka. Fundi wa kwanza akasema ifomatiwe. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na hesabu za miaka sita: nani kaweka kiasi gani, nani kakopa, nani karejesha na nani bado. Daftari la mkono waliliacha siku walipoianza kompyuta. Mgao wa mwaka ulikuwa umebakiza wiki mbili, na katika barua yake aliniambia kwamba baadhi ya wanachama walikwisha kuanza kunong'ona. Hebu fikiri, mtunza hazina asimame mbele ya wenzake aseme kompyuta imepoteza hesabu. Nani atamwamini? Miaka ishirini ya ujirani inaweza kuvunjika katika kikao kimoja.

Nilimpigia simu siku ile ile.

"Shikamoo, mama. Umeshaifomati?"

"Marahaba, baba. Bado. Fundi kasema niipeleke kesho."

"Usiipeleke. Njoo nayo studio."

Akaja nayo imefungwa kwenye khanga. Mhandisi wetu wa studio ni mtu mkimya, na jambo la kwanza alilofanya lilinifurahisha mimi niliye mtu wa sauti: aliiunganisha, akainama, akasikiliza. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari bado tulikuwa tunafundishwa kukata utepe wa sauti kwa wembe, na mwalimu alitusisitiza kwamba sikio huligundua kosa kabla ya jicho. Kwenye diski za kuzunguka ni vivyo hivyo. Diski nzima inavuma taratibu, kama jokofu la jirani. Diski mgonjwa inagonga: tak, tak, tak, kwa mpigo ule ule, au inajaribu kuzunguka halafu inazimika. Ukisikia mgongo huo, ondoa umeme mara moja na usijaribu tena na tena, maana kila ukiiwasha unaweza kuwa unaikwaruza zaidi. Wala usiifungue kifuniko. Ndani yake kichwa cha kusomea hupita juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, na vumbi la Dar es Salaam tunalijua. Diski inayogonga ni kazi ya watu wenye vifaa maalumu vya kuokolea, na gharama yake si ya mchezo.

Ya yule mama ilikuwa inavuma vizuri.

Mhandisi hakuipachika ndani ya kompyuta yoyote. Aliichomeka kwa waya wa kubadilishia, upande mmoja SATA na upande wa pili USB, unaouzwa katika maduka mengi ya vifaa. Nawaomba mzingatie kitu kidogo hapa: diski ndogo ya kompyuta ya mapajani huridhika na umeme wa tundu la USB, lakini ile kubwa ya kompyuta ya mezani inataka volti 12, kwa hiyo waya wake lazima uje na adapta yake ya ukutani. Wengi wamezihukumu diski zao kuwa mbovu kumbe zilikuwa zina njaa ya umeme.

Mara ile ile skrini ikatoa kisanduku: unatakiwa uifomati diski kabla ya kuitumia. Mama akashika kifua. Mhandisi akabonyeza "Cancel" bila kupepesa macho. Kisanduku kile kilihusu kisehemu kidogo ambacho kompyuta ya studio haikukitambua. Sehemu nyingine za diski zilifunguka kama kawaida. Akaingia kwenye folda yenye jina la mama, kompyuta ikagoma tena, ikisema huna ruhusa. Hilo nalo huwatisha watu. Ni kufuli tu la Windows ya zamani, linalomtambua mwenye nyumba wa kule alikotoka. Ukibonyeza kuendelea, na kompyuta ikikutambua kuwa msimamizi, aghalabu hufunguka baada ya muda. Kisha yakaonekana mafaili ya hesabu, mwaka kwa mwaka. Akayanakili kwenye diski ya nje, akayanakili tena kwenye flashi, akampa mama flashi mkononi. Ilichukua muda wa kunywa chai mbili. Hakuna kilichofomatiwa.

Hilo ndilo jambo ninaloliomba kwa kila anayesoma ukurasa huu: kunakili kwanza, kutengeneza baadaye. Kurekebisha uwashaji wa diski kunahitaji kuandika juu yake, na mkono ukiteleza hapo, kilichokuwa kizima kinakuwa kibovu kweli. Lakini ukishakuwa na nakala mahali pengine, fundi na ajaribu atakavyo. Kama huna waya wa kubadilishia, iko njia nyingine ambayo haina gharama: flashi iliyotiwa Ubuntu, au ndugu yake yeyote wa Linux. Unaiwasha mashine kwa flashi hiyo, unachagua kuijaribu bila kuiweka, na unapata kompyuta kamili inayoishi ndani ya flashi. Diski yako inaonekana pembeni, unaifungua na kunakili. Ikiwa Windows ile haikuzimwa vizuri mara ya mwisho, Linux itakuruhusu kusoma tu bila kuandika, na kwa kazi yetu kusoma kunatosha.

Sasa tuje kwenye kuiwasha yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua kama mashine inaiona diski. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya bayosi kwa kubonyeza kitufe mara tu unapowasha. Kwenye Dell ni F2, kwenye HP ni F10, kwenye mashine nyingi za kuungaunga ni Delete. Humo jina la diski linapaswa kuonekana. Kama halionekani, usihangaike na Windows hata kidogo. Tazama waya. Diski ya SATA ina nyaya mbili, mmoja mwembamba wa taarifa na mwingine mpana wa umeme, na ule wa taarifa hulegea kwa urahisi. Badilisha waya, badilisha tundu. Kama diski ni ya kale zaidi, ya IDE yenye pini 40 na mkanda mpana wa kijivu, basi mashine ya leo haina hata pa kuichomeka, na waya wa kubadilishia ndio njia pekee.

Kama jina linaonekana na bado haiwaki, rudi kwenye ule ugomvi wa barua. Katika ukurasa huo huo tafuta maneno "UEFI" na "Legacy". Diski ya yule mama ilianza maisha yake na Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, baadaye ikapandishwa kuwa Windows 10 bila kubadilishwa mgawanyo wake. Ilikuwa MBR. Mashine mpya ilipangwa ikubali UEFI peke yake, lakini kwa bahati ilikuwa bado na ule mlango wa pembeni. Alipokwisha kunakili, mhandisi aliwasha "Legacy", akahifadhi, akaiwasha upya mashine. Windows ikasimama dakika kadhaa ikijipanga, ikafunguka na picha ya wajukuu wa mama kwenye skrini. Siku ya mgao alikwenda na karatasi zilizochapwa, kila mwanachama na ukurasa wake.

Angekuwa na mashine isiyo na mlango wa pembeni, kazi ingekuwa kubwa kidogo. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina programu yake inayoitwa mbr2gpt, inayoweza kubadilisha mgawanyo wa diski kutoka mtindo wa kale kuja wa sasa bila kufuta mafaili. Inafanya kazi vizuri, lakini ni upasuaji, na mgonjwa haingii upasuaji bila nakala.

Nieleze na kisa kingine, maana chanzo chake ni tofauti na kinawasumbua hata mafundi. Rafiki yangu mwenye duka la kuchapa kadi za harusi alikuwa na kompyuta yenye diski mbili. Aliyeiweka Windows aliiweka kwenye diski ya pili. Sasa, Windows ina tabia ya kuitafuta diski ambayo mashine inaitazama kwanza na kuweka huko ile programu ndogo ya kuwashia, hata kama yenyewe inakwenda kulala kwingine. Rafiki yangu alipohama alichukua diski yenye Windows na michoro yake yote, ile nyingine akaiuza pamoja na mashine. Barua ikabaki nyuma. Windows nzima ilikuwa mkononi mwake, isipokuwa karatasi moja tu ya utambulisho. Tiba yake ni kuiwasha mashine kwa flashi ya kuwekea Windows, kwenda kwenye sehemu ya kutengeneza, na kuiandikia upya programu ya kuwashia kwa amri iitwayo bcdboot. Fundi anayeijua amri hiyo anaimaliza kazi upesi. Asiyeijua atafomati.

Yuko mgeni mwingine, naye huja na skrini ya buluu. Hapa diski imeonekana, barua imesomwa, Windows imeanza kuamka, halafu ghafla inaanguka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au kwa namba 0x7B. Maana yake ni kwamba Windows imeamka ndani ya nyumba ambayo njia yake ya kuifikia diski si ile iliyoizoea. Diski huzungumza na madabodi kwa namna tofauti, na katika ukurasa wa mipangilio utakuta maneno kama IDE, AHCI na RAID. Windows iliyozoea AHCI ikikuta RAID inaweza kupotea hatua ya kwanza tu. Piga picha ya ukurasa huo kwa simu kabla hujagusa kitu, halafu chagua ile iliyokuwa kwenye mashine ya zamani. Windows XP ilikuwa na kichwa kigumu sana katika jambo hili. Windows 10 na 11 ni wapole zaidi, mara nyingi hutafuta draiva zinazofaa zenyewe, na kinachotakiwa ni mtu asiwe na papara ya kuzima wakati zinajipanga. Linux ndiyo msafiri hodari kuliko wote, kwani hubeba draiva nyingi ndani ya mzigo wake.

Wakati mwingine hata hukuhamisha diski, mashine ile ile inagoma asubuhi moja. Angalia tarehe. Ikiwa saa ya kompyuta inarudi miaka mingi nyuma kila unapozima, basi betri ya duara iliyo kwenye madabodi, iitwayo CR2032, imekwisha. Ikiisha, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, AHCI ikawa RAID, "Legacy" ikawa UEFI, nawe ukaambiwa diski imekufa. Betri hiyo inafanana na ya saa, wala bei yake haiumizi.

Nimeliacha nyuma jambo ambalo ndilo la hatari ya kweli, kwa sababu hapa hakuna fundi wala mhandisi awezaye kukusaidia. Ni BitLocker. Huu ni utaratibu wa Windows wa kuyafumba maandishi yote ya diski, ili mwizi akiiba mashine asiambulie kitu. Ufunguo wake hukaa ndani ya chipu kwenye madabodi. Ukiing'oa diski na kuipeleka kwenye madabodi nyingine, chipu ile haipo, na skrini itakudai namba ya tarakimu 48. Ukiwa nayo, unaandika, unaingia. Usipokuwa nayo, yaliyomo ndiyo yamekwenda, hata kama diski ni mpya kabisa na inavuma kama nyuki. Nimewasikia vijana wakijinadi kwamba wanaivunja. Hawaivunji. Wanafomati.

Ubaya ni kwamba wengi hawajui kama diski yao imefumbwa. Katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024, lijulikanalo kama 24H2, ufumbaji huo huanza wenyewe mtu anapoiweka upya na kuingia kwa akaunti yake ya Microsoft. Kwa kawaida namba ile ya tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo, na unaweza kuisoma kwa simu, ilimradi ukumbuke anwani na nenosiri ulilotumia. Hapa kwetu mara nyingi akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa anwani aliyoibuni papo hapo, na mwenye kompyuta hakuambiwa. Kwa hiyo leo, wakati mashine yako ingali inawaka, ingia kwenye mipangilio uitazame. Kama imefumbwa, inakili namba kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako vya kuzaliwa. Mashine ya ofisini, muulize mtu wa kompyuta wa ofisi kabla hujaing'oa diski.

Mtu ataniuliza: je, baada ya kuhangaika kote huku, inafaa kuendelea kuitumia diski ya zamani kama ndiyo ya kuwashia? Kwa maoni yangu, hapana, isipokuwa kwa muda mfupi wa kumalizia jambo. Windows iliyokuja na mashine ya kale kwa kawaida leseni yake imefungwa na madabodi ile, na kwenye nyumba mpya itaanza kukudai uithibitishe. Draiva za zamani hubaki humo zikigombana na za sasa. Isitoshe, diski ya kuzunguka iliyofanya kazi miaka kumi ni mzee, na mzee hatwishwi gunia. Afadhali mashine mpya iwekewe Windows au Linux yake mwenyewe kwenye diski ya SSD, ambayo haina kinachozunguka, na mafaili yakaletwa kutoka kwenye nakala. Wapo wasioweza kufanya hivyo, hasa wenye programu ya hesabu iliyonunuliwa zamani na aliyeiuza kaondoka. Hao wana sababu ya kuiwasha ile ile, na ndio niliowafikiria nilipoeleza habari za UEFI na AHCI.

Ukienda kwa fundi, basi, sema unachotaka kabla hajashika bisibisi. Mwambie unataka mafaili yanakiliwe kwanza kwenye diski ya nje uliyokuja nayo wewe. Muulize diski ni MBR au GPT. Atakavyokujibu utajua kama uko mahali penyewe. Patana bei ya kunakili peke yake na bei ya kutengeneza peke yake, ili asione hasara kusimama katikati.

Nakala ikishakuwa mbili, usikimbilie kuiuza diski ya zamani. Iweke mahali pakavu miezi kadhaa, maana kuna faili moja ambalo utalikumbuka mwezi wa tatu. Ukiamua kuiachia, jua kwamba kufuta kwa kawaida, na hata kufomati kwa haraka, hakuondoi maandishi. Huondoa orodha tu, na mwenye programu ya kuokolea atayasoma. Kama humo mna majina, namba za simu na madeni ya watu wengine, kama ilivyokuwa kwa yule mama, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wanakikundi wenzako hawatafurahi kukuta habari zao mikononi mwa mnunuzi. Mwambie fundi aiandike sifuri diski nzima. Windows ina amri yake ya kufanya hivyo, "clean all" ndani ya diskpart. Ahakikishe kwanza kwamba ameichagua diski yenyewe, kisha wewe usiondoke mpaka iishe. Kwa diski ya gigabaiti 500 kazi hiyo huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo nenda na gazeti.